Mashairi Jikoni Kwetu

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wanakikundi siku ya kutimiza miaka kumi)

 

Mweka Hazina ameshasoma hesabu. Mmesikia hisa, mmesikia mikopo, mmesikia na faini, na wenye faini nyingi tumewaona walivyoinama kama wanatafuta kitu kilichoanguka chini. Sisi tumepewa kusema juu ya jambo ambalo halimo katika daftari la hesabu. Kamati ilipokuwa inapanga ratiba ya leo tukataja mashairi, wapo waliocheka. Wakasema, kikundi cha kuweka na kukopa kina habari gani na mashairi? Tukawaambia subirini siku ifike.

Tulipoanza mwaka 2015 tulifundishwa kwamba kabla ya kufunga sanduku, salio litajwe kwa sauti na kila mmoja alishike kichwani, ili mkutano ujao kusiwe na ubishi. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu, lakini jamani, hata kufuli tatu hazizuii watu kubishana. Wengine wetu kusoma kulikuwa kwa shida, na wengine kusoma tunaweza ila tarakimu zinatukimbia. Basi mwenzetu mmoja, mama mtu mzima, ambaye Mungu amemwita mwaka 2022, akawa analitia salio katika maneno ya kuimbika, tunaitikia. Halikusahaulika tena. Akaona amepata dawa, akaigeuzia kwa wachelewaji. Ubeti wake wa kwanza kila mmoja hapa anaujua:

Saa nane imefika,
sanduku limefunguka,
nawe bado unapika,
faini yakungojea.

Tulicheka mpaka machozi. Lakini aliyeimbiwa hakuchelewa tena. Angekemewa mbele ya watu angenuna, pengine angejitoa kikundini. Kuimbiwa akacheka na sisi, akalipa.

Ubeti ule ulirudi nasi nyumbani bila sisi kukusudia. Mtoto anamsikia mama yake anaimba akiosha vyombo, naye anaushika. Kesho yake mwenzetu mmoja anachelewesha chai, anasikia kutoka mlangoni kitoto cha darasa la tatu kinaimba, “Saa moja imefika.” Utamchapa? Huwezi. Na tena amehesabu sawasawa, mizani nane kamili.

Hapo ndipo watoto walipoanza kutufundisha. Maana wao shuleni wanafundishwa kwamba utenzi una mistari minne katika kila ubeti, kila mstari mizani nane, mistari mitatu ya kwanza ina kina kimoja na ule wa nne una kina chake ambacho kinarudi mpaka mwisho wa utenzi. Sisi tulikuwa tunajua kwa sikio tu. Jioni ikawa watu wanahesabu kwa vidole. Nyumba moja walikuwa wanagonga sufuria kwa mwiko, silabi moja pigo moja, mpaka baba akauliza kama kuna harusi. Nyumba nyingine walikesha wakibishania neno “mkungu”, ni mizani miwili au mitatu? Mama anasema mbili, mku na ngu. Mtoto anasema tatu, ile m nayo inahesabiwa kwa sababu mdomo unaitamka peke yake. Mtoto alikuwa sahihi. Tunasema hivi kwa sababu mama mwenyewe yupo hapa na mpaka leo hajakubali.

Hatujui kama mnaielewa raha hiyo. Ni raha ya kutafuta neno moja lililokosekana, watu watano mmeketi, mahindi yanaungua, hakuna anayejali. Unataka neno la silabi tatu linaloishia na “ka”. Huyu anatoa hili, halitoshi. Yule anatoa jingine, linatosha lakini linaharibu maana. Halafu bibi aliyekuwa kimya pembeni anakohoa, analisema. Kumbe alikuwa nalo muda wote.

Sasa, wapo waliotuambia kwamba mashairi ni mambo ya watu wa pwani, sisi Wachagga kazi yetu ni migomba, kahawa na biashara. Hilo tumelitafakari. Ni kweli kwamba kwenye utenzi watu wa pwani ni wakubwa zetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mama wa Pate aliyekuwa ameolewa na mtawala wa Siyu, huko kwenye visiwa vya Lamu, alikuwa mgonjwa, akamtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa beti zaidi ya mia moja. Alitaka binti awe na maneno ya mama hata mama asipokuwapo. Haikupita miaka mingi akafariki, na utenzi upo mpaka leo. Tuliusoma pamoja, tukieleweshwa maneno magumu na mwalimu mmoja mstaafu. Tuseme ukweli, ziko beti za kumtii mume ambazo tulizisoma tukatazamana. Mwenzetu mmoja akasema, “Huyu mama hakuwa na hisa.” Lakini hakuna aliyebisha juu ya mama mgonjwa anayemwita mtoto wake akae karibu na aandike. Hilo kila mmoja wetu analielewa.

Na marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909 akafariki mwaka 1962, ambaye vitabu vyake tulivisoma shuleni, naye alifanya hivyo hivyo. Binti yake alimtungia Utenzi wa Hati, mwanawe wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni mwenye mshahara wa karani. Sisi tunapenda kufikiri kwamba aliona mali ya kuwaachia watoto ni ndogo, akaona awape hicho alichokuwa nacho tele.

Lakini kwamba bara hatuna ushairi, hapana. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, alizaliwa mwaka 1917 akafariki mwaka 1969, na ndiye aliyetupa ngonjera. Nani hapa mwenye umri wetu hakusimama kwenye paredi ya shule mbele ya mgeni rasmi akasema ngonjera, mikono inatetemeka? Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera zilienea shule zote. Wawili wanabishana kwa beti, mmoja anauliza, mwingine anajibu, na mwisho wanakubaliana. Shikeni hapo, kwamba mwisho wanakubaliana. Tutarudi.

Na huku kwetu mlimani wazee wetu waliwafundisha vijana kwa maneno yenye mapigo, mafundisho marefu ya kukariri. Mchungaji wa Kijerumani, Bruno Gutmann, aliyefika huku mwaka 1902 na kukaa sana Old Moshi, aliyaandika akayatoa katika vitabu vitatu vikubwa kati ya mwaka 1932 na 1938. Tunamshukuru. Ila vitabu hivyo vilitoka kwa Kijerumani, kwa hiyo mjukuu wa Old Moshi akitaka kujua babu wa babu yake alifundishwa nini, ajifunze kwanza lugha ya Ujerumani. Hilo linatuuma kidogo.

Linatuuma kwa sababu tunaona linavyoendelea. Kikundini kwetu tumo wa Marangu, wa Kibosho, wa Machame, wa Rombo, na Wapare wawili. Kila mmoja akisema cha kwao hatuelewani vizuri, basi tunasema Kiswahili, na ndivyo ilivyo hata majumbani siku hizi. Watoto wetu wa mjini, Majengo na Pasua na Soweto, wengi Kichagga chao ni “shimboni” na “aika”, basi. Anapelekwa kwa bibi Desemba, bibi anaongea, mtoto anacheka tu. Bibi naye anachoka kuongea peke yake, ananyamaza. Tumeziona nyumba ambamo bibi amenyamaza.

Sasa tuwasimulie habari ya nyumba moja. Wenyewe wameturuhusu, ila majina tusitaje.

Mwenzetu mmoja amejengewa katika kihamba cha wakwe zake. Jiko lake na jiko la mama mkwe haziachani hata hatua thelathini, katikati kuna migomba na banda la ng'ombe. Siku moja ya mkutano mwaka 2018 alikuwa hana fedha ya hisa. Mume safarini, kuku hawatagi. Akakata mkungu wa mshare ulioiva sawasawa, akapanda nao gari mpaka Kiboriloni, akauuza, akaja akanunua hisa zake. Mkungu ule ulikuwa upande wa mama mkwe. Hakumwomba. Alidhani atamwambia jioni, na jioni akaogopa.

Mama mkwe aliona kisiki cha mgomba asubuhi. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu mbele ya majirani, kwamba kikundi hiki kinafundisha watu wizi. Likatufikia, nasi likatuchoma, maana lilikuwa na ukweli ndani yake. Hatukuwa tunamwuliza mtu hisa yake imetoka wapi. Tangu siku hiyo wale wawili hawakusemezana. Salamu zikapitia kwa watoto. Chumvi ikiisha inaazimwa kwa jirani wa mbali. Mume akawa anakula mara mbili ili pasiwe na aliyekataliwa chakula chake. Alinenepa, masikini, lakini hakuwa na raha. Hali hiyo ilikwenda karibu miaka miwili.

Zamani mambo kama hayo yalikuwa na njia. Aliyekosa alichukua jani la isale, lile lile tunalopanda mipakani na makaburini, akalipeleka kwa aliyemkosea, na aliyepelekewa isale hakuweza kukataa kusamehe. Hakukuwa na haja ya hotuba. Tulimshauri mwenzetu afanye hivyo. Akasema, “Nikipeleka isale atauliza nani amenifundisha, nitasema kikundi, nitakuwa nimemwagia mafuta ya taa.” Tukaona ana akili.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Watoto wakabaki nyumbani mpaka mwisho wa Juni. Mtoto wao wa kike alikuwa darasa la tano, mtundu wa maneno, na yule mama yetu wa beti za faini akampa kazi asikae bure. Akamwambia, “Tunga ngonjera ya watu wawili, mmoja bibi, mmoja mama. Maneno usiyatoe kichwani kwako. Nenda ukawaulize.” Sisi hatukujua. Alimpanga mtoto kimya kimya.

Mtoto akaenda jikoni kwa bibi na daftari. Akauliza, “Bibi, kama mtu amekata mkungu wako ungemwambiaje?” Bibi akamwambia kwa Kichagga, tena kwa kirefu, bila kuacha kuchochea moto. Mtoto hakushika hata nusu. Akauliza neno moja moja, bibi akaeleza, na ikabidi ajifunze Kichagga cha bibi ili apate Kiswahili cha ngonjera. Siku ya pili akarudi, siku ya tatu pia. Halafu anavuka migomba anakwenda kwa mama yake. “Mama, kama wewe ndiye uliyekata ungesemaje?” Mama akasema mtoto huyu ametumwa. Lakini alijibu. Usiku, wakati mtoto anahesabu mizani kwa vidole, mama yake alimsaidia kutafuta vina huku anajifuta macho kwa kanga, eti moshi.

Beti za mama ziliishia na huu:

Mkungu niliuuza,
mama sikukuuliza,
moyo wangu waniliza,
naomba kusamehewa.

Na jibu la bibi likawa hivi:

Sikuudhika na ndizi,
ndizi huota si kazi,
ukanipita mzazi
kana kwamba nimekufa.

Wanaojua kanuni mmeona kasoro. Mstari wa mwisho ulipaswa kuishia na “wa”, kama ule wa mama. Mtoto alimwambia bibi hivyo. Bibi akasema, “Uishie unavyotaka. Mimi nimesema kana kwamba nimekufa.” Mtoto akajaribu “mwenyewe sikuambiwa”, mizani nane kamili na kina kimekaa. Bibi akakataa katakata. Ukabaki vilevile, na tunaona bibi alikuwa na haki. Miaka miwili tulidhani ugomvi ni wa mkungu. Hata mkwe mwenyewe alidhani hivyo, alikuwa amekwisha weka fedha ya kulipa mkungu.

Bibi hajui kusoma. Mtoto akamkaririsha sehemu yake ubeti kwa ubeti, kama sisi na salio. Jumapili jioni akawaita wote uani, baba akatoa viti. Wakasema. Mama alisema wake akitazama chini. Bibi alisema wake akimtazama mkwewe, na alipofika mstari wa mwisho hakuna aliyeongea. Ngonjera ilikuwa na ubeti wa mwisho wa kukubaliana, mtoto alikuwa ameutunga mwenyewe, lakini haukusemwa. Bibi aliinuka akaenda kukamua ng'ombe.

Asubuhi yake mkwe alivuka migomba. Akasimama mlangoni akasema, “Mama, naomba nikate mkungu ule wa karibu na mfongo.” Bibi akatoka, akautazama mkungu wenyewe, akasema, “Huo bado. Kata wa nyuma ya banda.”

Ndivyo walivyopatana. Tusidanganyane kwamba sasa wanaishi kama malaika, wiki iliyopita tu wamebishana juu ya majani ya ng'ombe. Lakini wanabishana wao kwa wao, wala si kupitia kwa watoto. Bibi yule amejiunga na kikundi mwaka 2021, na mnamwona pale mbele, kitenge cha njano. Tena tuliongeza sharti katika katiba yetu kwamba mwanachama asiuze mali ya nyumba ili kununua hisa bila kupatana na wenzake wa nyumbani. Sharti hilo, tukisema kweli, limetoka kwenye ngonjera ya mtoto wa darasa la tano.

Si kila mahali ilikwenda hivyo. Mwenzetu mwingine alimtungia mume wake beti sita juu ya kurudi usiku. Mume alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Vizuri. Sasa niambie kwa maneno ya kawaida unataka nini.” Na mama mmoja alimpelekea mwanawe aliyeko Dar es Salaam ubeti kwa simu kila Jumamosi kwa mwaka mzima, hakupata hata neno moja. Desemba kijana alipopanda nyumbani, mama akaona zote zipo kwenye simu, hakuna hata moja iliyofutwa. Hakujibu kwa nini? Alisema hakuwa anajua kutunga, akaona aibu kujibu kwa maneno makavu. Tangu hapo tumekubaliana kwamba anayepelekewa ubeti anaruhusiwa kujibu vyovyote.

Tumalizie na yule mama yetu. Alipofariki mwaka 2022, watoto wake walipanga vitu vyake wakakuta daftari la hisa. Mbele ni hesabu zake, safi, hakuna deni. Wakaligeuza. Nyuma kulikuwa na beti, mwandiko wa penseli, za kila mtoto kwa jina lake na tabia yake. Mmoja kaambiwa aache hasira, mmoja kashukuriwa kwa viatu alivyomnunulia mama yake kwa mshahara wa kwanza. Ubeti wa mwisho kabisa ni wa wote, na haukumalizika. Una mistari mitatu:

Wanangu nikiondoka,
mipaka msije vuka,
isale ikikauka,

Basi, hapo penseli imeishia. Kila Desemba watoto wanaporudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Arusha, wanakaa sebuleni wanajaribu kuumaliza. Mtoto wa kwanza, mwenye kihamba sasa, anasema mama alitaka kuandika “pandeni nyingine tena”, kwa kuwa isale ni alama ya mpaka na mpaka usipotea. Kitinda mimba, binti, anasema hapana, mama alitaka “ombaneni msamaha”, kwa kuwa isale ni ya kusamehewa. Mizani yote nane. Kaka na dada hao wana jambo lao la mpaka katika kihamba hicho, halijaisha, nasi si kazi yetu kulisema hapa.

Tuliwaomba waje leo na daftari, wote wawili. Tumewaambia kila mmoja asome ubeti wa mama yao na mstari wake aliouchagua mwenyewe, mbele yetu sote, halafu waketi. Wamekubali. Wamekuja kwa gari moja.

 Wanetu, karibuni mbele.